Meru hatuchukui hata unyoya, Pangani tunajaza ndoo

Watu wa Arusha tunajiona kama tumezaliwa ndani ya hifadhi. Makao makuu ya TANAPA yako kwetu, Hifadhi ya Arusha ipo tangu 1960, na mtoto wa Usa River hujua mapema kwamba akipelekwa Ngurdoto au Momella haondoki na kitu: si unyoya wa heroe, si fuvu la nyati, si jiwe. Askari wa hifadhi haulizi kama ulitaka kuuza au kumpelekea bibi zawadi. Utarudisha tu.

Sasa njoo Pangani mwezi wa Desemba uwaone watu hao hao.

Mimi ni Mmeru niliyeolewa Pangani, kwa hiyo naongea nikiwa mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Shule zikifungwa, magari ya Arusha na Moshi huteremka kwa njia ya Segera, na familia zikafika ufukwe wa Ushongo zimechoka na zimefurahi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, yaani wakati ule ule wageni wanapoinuka kutoka kwenye chai. Mwamba uko wazi. Watu wanashuka na ndoo za watoto, wanaokota kauri, kombe, kome na viti vya pweza. Wanapindua mawe wanayaacha yamelala chali. Hakuna anayekula alichookota. Ni burudani ya asubuhi, na vingi kati ya vitu hivyo viko hai. Kufika Same, kwa joto la pale, mizigo imeanza kunuka, na safari ya kauri nyingi huishia kwenye vichaka vya kando ya barabara.

Wifi yangu naye huwa mwambani saa hiyo hiyo, na kijiti chake cha kuchokolea pweza. Yeye anatafuta mboga, na akibahatika, ada ya mtoto. Kanuni za uvuvi zinamkataza kumtoa pweza asiyefika nusu kilo. Kuna BMU, kile kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, chenye vikao na daftari lake. Kwa kifupi, anayeingia baharini kwa shida amewekewa kipimo, na anayeingia kwa starehe hajawekewa chochote. Hapo ndipo ninapokasirika, na sioni sababu ya kuificha hasira yenyewe.

Nitaambiwa kauri chache haziwezi kuimaliza bahari. Basi tuanze na jiwe. Kauri jike hutaga chini ya jiwe, kisha huyakalia mayai yake mpaka yaanguliwe. Anayelipindua jiwe na kuliacha juani hakuchukua kauri moja. Ameua mama na uzao wote, pamoja na wadudu na kamba wadogo ambao ndio chakula cha pweza anayemtafuta wifi yangu. Hata ganda tupu lina mwenyewe, maana kuna kaa wadogo ambao hawana nyumba nyingine isipokuwa maganda yaliyoachwa na kome. Tena kuna lile gamba kubwa la kupigia baragumu, ambalo kila mgeni hulitamani akaliweke juu ya kabati la televisheni: mnyama wake ni miongoni mwa wachache wanaokula kiti cha pweza chenye miiba, mla matumbawe.

Sisemi watu wasiguse bahari. Kauri zimo kwenye mapambo ya Wamaasai tangu enzi za misafara, na hakuna mwenye akili atakayezikataa leo. Ninachodai ni kipimo. Kule Florida, Marekani, familia huingia majini wakati wa kiangazi kuokota skalopi, kombe wenye ganda la mfano wa kipepeo, na inaruhusiwa. Lakini kila eneo lina msimu wake, na mtu mmoja haruhusiwi kuzidisha galoni mbili kwa siku, kama lita saba na nusu za kombe na maganda yake. Nyuzilandi, hali ilipoharibika, ilifunga uvuvi wa skalopi kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini mwaka 2017, kwa wafanyabiashara na kwa wanaovua kujifurahisha. Wala hatuhitaji kwenda mbali kote huko: Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue.

Wala si kweli kwamba mgeni wa bara hasikii. Wageni hao hao hupelekwa kwa mashua Maziwe, fungu la mchanga lililotengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Nahodha huwaambia humu hamchukui kitu, na hawachukui. Wakirudi Ushongo jioni, hakuna anayewaambia lolote, na kesho yake ndoo zinatoka tena.

Kwa hiyo aambiwe. Hoteli zibandike tangazo mapokezi: chenye uhai kinabaki, jiwe linarudishwa lilivyokuwa, maganda matupu yasizidi kiganja cha mtoto. Mgeni anayetaka kutembea mwambani alipe ada ndogo kwa BMU, aongozwe na mama mmoja wa kijiji anayejua pa kukanyaga. Wifi anasema angeifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko kugombea pweza na watoto wenye miwani ya kuogelea. Halmashauri ya Wilaya ya Pangani ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na hili linatosha kabisa kuwekewa moja. Itungwe kabla shule hazijafungwa.