Madaktari wasimwite mgonjwa mwongo

Nina jirani, mama wa makamo, ambaye shamba lake la majani chai liko upande wa juu wa Runyenjes, katika kaunti ya Embu. Huu ni mwaka wa sita tangu aanze kuumwa. Maumivu yalimwanzia kiunoni, yakateremka miguuni, kisha yakapanda mabegani, na leo hawezi kuonyesha mahali pamoja akasema ni hapa. Amezunguka hospitali nne, akafika hata Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 150 ndani ya matatu iliyosheheni abiria, kila tuta la barabarani likimchoma kama mkuki. Amepigwa eksirei, na damu yake imepimwa mara zisizohesabika. Bonasi ya majani chai, ambayo wenzake huezekea nyumba na kulipia karo, yeye huipeleka kwa matabibu. Jibu la mwisho alilopewa ni hili: "Mama, huna ugonjwa. Nenda nyumbani upumzike."

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na madaktari wetu. Kusema "hatukuona kitu" ni jambo moja, na kusema "huna kitu" ni jambo jingine kabisa. Kauli ya kwanza inaeleza kikomo cha mitambo. Ya pili inamhukumu mgonjwa. Eksirei huonyesha mfupa uliovunjika. Haionyeshi mshipa wa fahamu uliozoea kupeleka habari ya maumivu hata baada ya kisababishi chake kwisha, mithili ya mbwa abwekaye usiku kucha ilhali mwizi alikwisha kwenda zake. Asiyeamini na amwulize mtu aliyekatwa mguu. Wengi wao huumwa na vidole ambavyo vilizikwa zamani.

Wala haya si mawazo yangu mimi mwandishi. Mwaka 2019 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yaliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ndani yake, maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3 yamepewa nafasi yake, na yapo yanayohesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili ya ugonjwa mwingine. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu nacho kilitangaza kwamba maelezo ya mtu anayesema anaumwa yanastahili kuheshimiwa.

Sisemi kwamba daktari asitafute. Na atafute sana! Katika sehemu zetu hizi ambako maziwa mabichi bado yanywewa, yapo maradhi ya bruselosi yanayoweza kuumiza viungo kwa miezi mingi, na aghalabu hudhaniwa kuwa malaria. Wapo pia wanawake wanaoteseka miaka na miaka kwa ugonjwa wa endometriosi huku wakiambiwa kwamba hayo ndiyo maumbile ya mwanamke. Lakini baada ya kutafuta na kukosa, kazi ya tabibu haijakwisha.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mume hunung'unika kwamba chai inakomaa mashambani. Wakwe wanasema ni uvivu, wengine wananong'ona habari za uchawi, na hata kanisani, ombi la uponyaji lisipojibiwa, lawama humwangukia mwenye kuombewa. Nami, kunradhi, sikuwa na usafi wowote. Nilimwona arusini akicheka nikajiambia moyoni kwamba huyu haumwi. Sikujua kwamba kicheko kile cha saa moja alikilipia kwa siku tatu kitandani.

Hatari nyingine iko madukani. Mtu aliyefukuzwa hospitalini hujitibu mwenyewe. Jirani yangu amemeza diklofenaki kila siku pasipo usimamizi, na dawa hiyo ikitumiwa hivyo yaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Daktari mmoja kijana alimwandikia amitriptilini kwa kipimo kidogo, dawa ya tangu miaka ya sitini, ya bei nafuu, inayosaidia baadhi ya watu wenye maumivu ya aina hii. Ila hakumweleza sababu. Mama aliposikia dukani kwamba ni dawa ya walioshuka moyo, aliitupa chooni akilia kwamba amefanywa mwendawazimu. Maelezo ya dakika 5 yangalitosha.

Tangu 2013 hospitali hizi zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Magavana wa Embu, Meru na Tharaka Nithi hupenda kuzindua majengo na mitambo. Je, ni ghali mno kutenga siku moja kwa wiki, katika kila hospitali kuu, ambapo mgonjwa wa maumivu ataonwa na daktari yule yule, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mshauri, badala ya kila mara kuanza upya mbele ya uso mgeni?

Jirani yangu anazo picha za eksirei zilizojaa bahasha kubwa chini ya kitanda. Bonasi ikitoka, ameniambia, atasafiri tena.