Nani Kasema Mkono Mtupu Haulambwi?

Kuna methali tumeidekeza mpaka imeota mapembe: mkono mtupu haulambwi. Siku hizi tumeifanya sheria ya kuishi na watu. Mwenzako kalazwa, huendi kumwona kwa sababu mfuko umetoboka. Shangazi kafiwa, unazima simu hadi matanga yaanuliwe. Rafiki kajifungua, unapita kichochoro cha nyuma ili watu wa kwake wasikuone. Ukiulizwa, jibu liko mdomoni: "Sasa nitaendaje mikono mitupu?"

Imani hiyo ni uongo, tena uongo unaoumiza watu.

Wa kwanza kuumia ni asiye nacho. Tazama makundi ya WhatsApp ya michango. Msiba ukitokea, orodha inaanza: namba, jina, kiasi, alama ya vema. Anayefuata ananakili, anaongeza jina lake chini, anarusha tena. Mwenye elfu mbili yake anaisoma orodha, anaona waliotangulia wametoa elfu hamsini hamsini, anaona haya. Baada ya muda kundi linatangaza kwamba fulani ameondoka. Huyo msibani hatumwoni, na mfiwa atadhani hakujali. Kumbe yeye ndiye angekuja alfajiri kufagia uwanja, kupanga viti na kuchota maji, kazi ambazo wenye hamsini zao hawana muda nazo.

Wa pili kuumia, na huyu hajui kama ameumia, ni mwenye nacho. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na tangu hapo kutoa pole kumekuwa kazi ya dakika moja. Faida yake siikatai: kijana aliyeko Mwanza anamlipia dawa baba yake aliyelazwa Masasi bila kupanda basi. Lakini ujumbe wa kuthibitisha muamala ukishaingia, mtu anajiona kamaliza. Hapigi simu tena. Mwezi unapita, miwili inapita, mjane amebaki na nyumba iliyonyamaza, na yeye anahesabu kwamba wajibu wake alishautimiza kwa namba ya kumbukumbu.

Nenda wodi yoyote saa za kuona wagonjwa. Chini ya kitanda maboksi ya juisi yamepangwa, mengine hayajafunguliwa, na mgonjwa mwenyewe kakatazwa sukari. Aliyeyaleta amesimama kidogo, jicho moja kwenye simu, ameaga. Nje, kwenye benchi la korido, yuko mke wa mgonjwa ambaye tangu jana hajaoga wala hajalala, khanga ameifanya mto. Hakuna aliyemwambia, "Shemeji, nenda nyumbani ukajimwagie maji, mimi nitakaa hapa mpaka urudi." Sentensi hiyo haina bei dukani, na pale hospitali hakuna kitu alichokihitaji kuliko hicho.

Atakayesema haya ni maneno ya kujifariji ya wenye mifuko mitupu, namkaribisha San Francisco. Huko daktari wa magonjwa ya akili, Jerome Motto, aliwafuatilia watu waliowahi kulazwa kwa sonona au kwa kutaka kujiua, na ambao walipotoka hospitali hawakuendelea na matibabu. Walikuwa 843. Wakagawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja likawa linaandikiwa barua fupi mara kadhaa kwa mwaka, kwa miaka mitano. La pili halikuandikiwa kitu. Barua zenyewe hazikuwa na dawa, hazikuwa na mahubiri, hazikudai chochote. Zilimjulia mtu hali tu na kumwambia kwamba akipenda kujibu, jibu lake litapokewa kwa furaha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: katika miaka miwili ya mwanzo, walioandikiwa barua walijiua kwa kiwango kidogo kuliko walioachwa kimya. Karatasi, bahasha na stempu.

Mfano mwingine uko jirani zaidi. Zimbabwe, mwaka 2006, Dixon Chibanda, naye daktari wa akili, alianza kufanya kazi na mabibi wa Mbare, Harare. Bibi anakaa kwenye benchi nje ya zahanati, anamsikiliza aliyekuja na mzigo moyoni, wanautafuta pamoja upande wa kuushikia. Mabibi hao walifundishwa kazi, hawakuokotwa barabarani wakapige soga, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopita kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar. Zanzibar! Kwenye mabaraza ya mawe mbele ya nyumba, ambako watu wamekaa kusikilizana karne na karne. Mambo mengine tunayaacha yafe, halafu tunayapokea upya kama mradi.

Basi kwa nini tunayadharau mambo madogo kama haya? Kwa sababu tunaopima ni sisi watoaji, na mizani yetu ni mibovu. Mwaka 2022 watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley walichapisha majaribio yao. Katika jaribio moja, watu walimpa mtu wasiyemjua kikombe cha chokoleti ya moto kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu jijini Chicago, kisha wakakisia kimemfurahisha kiasi gani. Walikisia chini. Wapokeaji walikuwa wamefurahi zaidi ya walivyodhaniwa.

Mtaani kwetu mama muuza vitumbua angeweza kuwaambia hayo bila utafiti. Anajua nani huchukua viwili na chai ya rangi, na nani hutaka vya kuungua pembeni. Mzee fulani anayeishi peke yake asipotokea asubuhi, kabla hajaanza kukunja jamvi lake anamtuma mtoto: "Nenda kamwangalie babu, mpe na hivi." Mama huyu hajawahi kutajwa kwenye kipaza sauti cha harambee yoyote. Lakini siku babu akianguka bafuni, atakayegundua mapema ni yeye, si mwanawe anayetuma fedha kila mwisho wa mwezi. Kinachomlinda babu pale ni mazoea ya kila siku, wala si huruma ya ghafla.

Sisemi pesa haina kazi. Dirisha la malipo la hospitali halipokei tabasamu, na sanda hainunuliwi kwa pole. Yupo pia bosi anayejua sana kusema "poleni na kazi" kila asubuhi huku mishahara ya miezi miwili hajalipa. Huyo asijifiche kwenye makala yangu. Adabu haifuti deni. Mwenye uwezo atoe, na atoe vizuri. Ninachokataa ni kumfukuza asiye nacho kwenye undugu, na kumruhusu mwenye nacho aununue.

Kwa hiyo wewe unayemkwepa mgonjwa wako kwa sababu huna cha kubeba, nenda hivyo hivyo ulivyo. Ukifika usiombe radhi kwa mikono yako. Kaa, uliza kalalaje, mpishe anayemuuguza akanyooshe mgongo. Kama unasoma haya asubuhi, saa ya jioni ya kuona wagonjwa bado haijafika na daladala zipo.