UMEPEWA BAISKELI? USIMWACHE ANAYETEMBEA



Kuna njia ndefu ya mahujaji inayovuka Uhispania hadi Santiago de Compostela. Ukianzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ni karibu kilomita 780. Wengi hutembea, wengine huendesha baiskeli. Anayetembea hupata cheti akimaliza angalau kilomita 100 za mwisho. Wa baiskeli, 200.

Sisi tunajua wokovu ni kwa neema, si kwa kilomita wala cheti. Lakini funzo lipo.

Njia ni moja. Wa baiskeli anaweza kutoka mji mdogo wa Castrojeriz na kufika Frómista kabla ya saa sita, bila kumsalimu mtu. Mwenye malengelenge miguuni, hiyo ni safari yake ya siku nzima.

Ndugu yangu, dada yangu, kama Mungu amekupa mbio, iwe ni kazi, elimu au karama, usimpigie kengele aliye dhaifu ili akupishe. Kwa maoni yangu, kasi isiyongoja mtu si ukomavu wa kiroho.

Soma Mwanzo 33. Esau alitaka waondoke pamoja, lakini Yakobo hakukubali kuharakishwa. Alienda kwa mwendo wa watoto wake na mifugo yake.

Yuko mtu mliyeokoka pamoja, na siku hizi haji kanisani. Wiki hii shuka kwenye baiskeli. Mpigie simu, mtembelee, mwende pamoja.

Nani umemwacha nyuma? Sema AMINA kisha umtafute.