Leseni Si Kibali cha Dhamiri

Wapendwa, nimechoka kusikia jibu hili: “Mchungaji, serikali imeruhusu.” Kweli, wapiga kura wa Colorado, Marekani, waliruhusu bangi ya starehe mwaka 2012, na maduka yenye leseni yakafunguliwa Januari 1, 2014. Minnesota, jimbo lenye Walutheri wengi na ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki, ilifuata mwaka 2023. Huko mwenye miaka 21 anaruhusiwa na jimbo.

Lakini jimbo si Marekani nzima. Kwa sheria ya shirikisho bangi ya starehe bado ni haramu. Mhamiaji aliyeajiriwa katika duka lenye leseni, anayelipa kodi zake zote, anaweza kunyimwa uraia kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Idara ya uhamiaji ilitoa mwongozo huo mwaka 2019. Basi leseni ya mwenye duka haimlindi kijana wetu.

Na sisi wachungaji? Tunakemea uvutaji, kisha tunainyamazia hatari hii eti sheria si kazi ya mimbari. Huo ni uvivu. Luther alifundisha kwamba Mungu hutawala kwa dola na kwa Injili. Hakufundisha kwamba dola itufikirie. Paulo naye aliwataka Wakorintho wakipime kilicho halali kwa kuuliza kama kinamjenga jirani.

Leseni husema tu kile ambacho jimbo halitaadhibu. Kabla kijana hajajaza fomu ya kazi ile, mzazi na mzee wa kanisa, mwambieni ukweli wote.