Usingoje kituo, anza na kona moja ya nyumba yenu

Leo naongea na wale wanaochora, wanaochonga, wanaofuma, na wale wanaochora kwa siri nyuma ya daftari la shule.

Hapa kwetu ukisema neno studio, mtu wa kwanza atakuuliza: "Unarekodi wimbo gani?" Studio ni ya muziki. Kule Congo tulisema atelye, na atelye ilikuwa ya fundi viatu, ya seremala, ya mshonaji. Kila mtu alielewa kwamba fundi lazima awe na mahali. Lakini mchoraji? Mchoraji anaonekana kama mtu anayecheza, na mtu anayecheza hapewi kona.

Mimi nasema apewe. Tena nasema asingoje kupewa, aombe, na aanze kwao nyumbani.

Nieleze kwa nini. Mwaka juzi nilikuwa nachora sura ya marehemu baba. Hatuna picha yake hata moja, zote zilibaki Uvira. Nilichora kwa kumbukumbu tu, juu ya kipande cha hadibodi nilichokiokota kwa seremala. Mdogo wangu anakumbuka masikio, mama anakumbuka kovu la kidevuni, mimi nakumbuka macho. Kazi ilienda polepole. Asubuhi naitoa chini ya kitanda, nachora nje, jioni nairudisha. Wageni wakija naiweka jikoni. Jikoni wakipika naipeleka kwa jirani.

Usiku mmoja mvua ikanyesha, ile ya upepo. Shitingi ya paa ikatoboka juu ya mfuko wa unga. Mama akaamka gizani, akavuta ubao wa kwanza mkono wake uliogusa, akafunika unga. Asubuhi unga ulikuwa mkavu. Baba alikuwa amechuruzika wote.

Mama alilia kuliko mimi. Sikumlaumu na siwezi kumlaumu. Ule unga ulikuwa wa mwezi mzima. Lakini tangu siku ile nilielewa jambo moja: kitu kisicho na mahali ndani ya nyumba kinakuwa cha kazi yoyote. Leo ni picha, kesho ni kifuniko, keshokutwa ni kuni. Shida haikuwa mvua. Shida ni kwamba picha ilikuwa mgeni nyumbani kwetu, inahamahama kila saa. Wandugu, sisi tunajua vizuri kabisa maana ya kuhamahama. Kwa nini tuzifanyie hivyo kazi zetu?

Kwa hiyo kwangu mimi, atelye ni mahali ambapo unaweza kuacha kazi haijaisha, ukalala, ukarudi kesho ukaikuta vile vile. Ukubwa wa chumba si hoja. Meza nzuri si hoja. Ni hicho tu: kuacha na kurudi.

Najua mtakavyonijibu, juu nimeshajibiwa.

Wa kwanza anasema: "Sisi ni wapita njia. Nitapanga mambo yangu nikifika Marekani." Nina rafiki ambaye brashi zake ziko ndani ya begi, zimefungwa na soksi, zinangoja ndege pamoja naye. Kesi yake ilisogea, ikasimama, ikasogea. Brashi hazijawahi kugusa rangi. Bana, tuhesabu pamoja. Nakivale iko tangu 1958. Kakuma ilifunguliwa 1992, Dzaleka 1994, Nyarugusu 1996. Kuna watu wamezaliwa humu, wamesoma humu, wamezaa humu, na bado wanajiita wapita njia. Sikatai kungoja. Mimi pia nangoja. Lakini mtu anaweza kungoja huku anachora. Ndege ikija utakuwa na mkono uliozoea kazi. Isipokuja, utakuwa na picha.

Wa pili anasema: "Nyumba yetu ni ya watu saba, chumba kimoja na sebule. Kona itatoka wapi?" Hili ni swali la kweli. Yangu ina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, chini ya kipaa tulichoongeza ubavuni mwa nyumba: miti minne ya mikaratusi, shitingi kuukuu, na ukuta wa matope mpaka kiunoni. Kama hata hiyo haiwezekani, ukuta tu unatosha. Pigilia misumari miwili juu, pale ambapo mtoto hafiki, utundike ubao wako hapo. Chini yake weka kopo la brashi na kigoda. Hiyo tayari ni atelye. Muhimu ni watu wote wa nyumba wakubaliane kwamba kile kilichotundikwa pale hakiguswi. Hayo makubaliano ndiyo ukuta wenyewe. Mimi nilikaa na mama na wadogo zangu tukaongea kama watu wanaogawa shamba. Mama akasema: "Sawa, lakini rangi yako isikaribie chakula." Wadogo wakadai kipande cha chini cha ukuta kiwe chao. Nikawapa. Sasa wanachora pale kwa mkaa, na wakubwa wanatii mpaka wao.

Wa tatu anasema: "Watu wana njaa, wewe unaleta habari ya kona." Huyu ndiye ninayemheshimu zaidi. Tangu 2023 hapa Uganda tumegawanywa kwa makundi ya chakula. Wengine wamepunguziwa, wengine wametolewa kabisa. Mama yangu mwenyewe aliniuliza: "Mwanangu, hizo picha tutazipika?" Sitawadanganya kwamba picha inalisha nyumba. Mara chache nimechora kibao cha saluni na ukuta wa duka la simu, nikaleta sabuni na mafuta. Mara nyingi siletei kitu. Lakini angalia: hata hivyo vibao nilivipata juu mwenye saluni alipita njiani akaona kazi zimetundikwa mahali pamoja. Zingekuwa chini ya kitanda, angeona nini? Na njaa haiondoki nikiacha kuchora. Inabaki, na mimi ninabaki sina kitu cha kufanya na mikono yangu kuanzia saa nne mpaka jioni. Mnajua vijana wanafanya nini wakikaa hivyo.

Basi, kwa yule aliyeshawishika, niseme machache niliyojifunza kwa kukosea.

Mwanga. Huku tuko karibu kabisa na Ikweta. Dirisha la mashariki linakupiga jua asubuhi, la magharibi linakupiga mchana wote wa jioni, na jua la moja kwa moja linadanganya rangi. Upande wa kaskazini au wa kusini una mwanga mtulivu siku nzima, na kipaa kidogo juu ya dirisha kinamaliza tatizo. Ukuta unaotazamana na dirisha upake chokaa au udongo mweupe, chumba kitafunguka macho. Usiku, kwa taa ya sola, chora mistari tu. Rangi changanya mchana. Mimi nilichora manjano usiku, asubuhi nikakuta ni nyeupe nusu.

Pa kuchorea. Magunia ya plastiki ya chakula yanashika rangi vibaya, inabanduka kama maganda. Shuka kuukuu la pamba ni zuri zaidi. Livute juu ya fremu ya miti, lipake gundi nyeupe ya maseremala uliyoilegeza kwa maji, likikauka lipake rangi nyeupe ya ukuta mara mbili. Hapo una kitambaa cha kuchorea kama cha watu wengine.

Rangi. Tumia rangi za maji. Za mafuta na tina zina harufu inayoumiza kichwa, na kwenye chumba ambamo mtoto mchanga analala usizifungue kabisa. Udongo mwekundu wa barabara yetu, ukiuchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na ile gundi, ni rangi. Mkaa ni rangi. Vumbi linalotutesa Julai, tulitumie.

Kukaa. Usichore umeinama chini. Mgongo utakukatisha tamaa kabla ya watu kukukatisha. Tundika kazi usawa wa macho yako, kaa kwenye kigoda, weka maji ya kunywa karibu, na usiyaweke kwenye kopo linalofanana na la brashi. Nimekunywa. Sirudii.

Na kile cha kukupa hamu? Wengi wanatazama kwenye simu vyumba vya wasanii wa Ulaya, madirisha makubwa, sofa na maua, halafu wanatazama ukuta wao wanaona aibu. Zima simu. Tundika kitu chenye maana kwako. Kwangu kuna kipande cha kitenge ambacho mama alivuka nacho, kuna jani la ndizi lililokauka, na kuna ile hadibodi ya baba iliyochuruzika. Sikuitupa. Ninaitazama kila siku, na sura mpya niko nachora pembeni yake.

Tusifikiri pia kwamba kazi kubwa zilitoka kwenye vyumba vikubwa tu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alikufa 1972, lakini ndugu zake waliokaa pembeni yake wakajifunza waliendelea, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji. Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, miaka ya 1970, alichora historia ya nchi yetu juu ya magunia ya unga, karibu picha 100, na akazieleza kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Gunia la unga, wandugu! Bodys Isek Kingelez wa Kinshasa alijenga miji mizima kwa karatasi na maboksi. Mwaka 2018 ikaonyeshwa peke yake kwenye jumba la MoMA, New York. Yeye alikuwa ameshafariki 2015. Siwatajii hawa ili mtu aote kuwa tajiri. Nawataja juu vifaa vyao tunavijua. Viko nyuma ya nyumba zetu.

Mwisho nina neno kwa viongozi wa vikundi vyetu na wanaotuletea miradi. Kila mara wazo ni lile lile: tujenge ukumbi wa sanaa. Ukumbi unajengwa, unafunguliwa kwa ngoma na kofia, halafu unafungwa kwa kufuli na ufunguo unakaa kwa mtu mmoja. Sipingi kumbi. Ni nzuri kwa kukutana, kufundishana, kuonyesha kazi. Lakini haziwezi kuwa mahali pa kazi ya kila siku. Fikirieni msichana ambaye asubuhi yuko kwenye foleni ya maji, mchana anapika, jioni anaogesha wadogo zake. Ukumbi uko mwendo wa saa moja na unafungwa saa kumi na moja. Huyo mnamwambia nini? Ana dakika 30 kati ya maharage kuchemka na maharage kuiva. Akiwa na kona nyumbani, hizo dakika 30 ni zake. Asipokuwa nayo, zinaishia kutafuta brashi iko wapi.

Kwa hiyo ombi langu: mkipata fedha ya ukumbi mmoja, kwanza toeni shitingi, miti, misumari, gundi na taa ndogo ya sola kwa nyumba 20. Kaeni na wazazi muwaeleze, juu bila mzazi hakuna kona. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na picha za kutundika kwenye huo ukumbi. Mkianza na ukumbi, mtatundika nini?

Na wewe unayesoma, leo jioni angalia nyumba yenu vizuri. Ukuta gani haufanyi kazi? Muulize mama. Akikataa, muulize tena Jumamosi.

Sura ya baba bado haijaisha. Kovu nimelipata, masikio mdogo wangu amekubali, macho bado. Lakini jana usiku mvua ilinyesha tena, mama akaamka kufunika unga. Nilisikia mkono wake unapapasa ukutani, ukafika pale kwenye misumari, ukasimama. Akaenda kuchukua sinia.

Kama una kona, tuonyeshe. Kama unaona nimekosea, andika hapa chini, tuongee.