Picha Makaburini: Kamati za Misiba Zianze Kusema

Mazishi ya siku hizi yana watu wa aina tatu: wanaozika, wanaolia na wanaopiga picha. Hao wa tatu wanaongezeka, na wanasimama mbele kabisa, ukingoni mwa shimo, mahali ambapo zamani walisimama watoto wa marehemu na vijana wenye makoleo. Jeneza likianza kushushwa, simu zinainuliwa. Kifusi hakijajaa, tayari watu wa Mwanza, Muscat na Minnesota wameuona uso wa mjane, na wapo walioanza kutoa maoni kuhusu kitambaa alichojifunga kichwani.

Je, mpiga picha anahitaji ruhusa makaburini? Majibu ninayoyasikia ni mawili, na yote hayanitoshi. Wapo wanaosema makaburi ni mahali pa umma, kwa hiyo kila mtu na kamera yake. Wapo wanaotaka kamera zizuiwe getini, basi. Mimi naomba tufanye jambo dogo linalowezekana wiki hii hii. Kamati ya msiba inapokaa kugawana kazi za chakula, turubai, usafiri na kaburi, iweke na suala la picha. Uamuzi wake utangazwe kabla msafara haujaondoka nyumbani.

Wapo watakaosema sheria itatumalizia kazi hiyo. Tuitazame. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na ya familia yake, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022. Kenya walitangulia na sheria yao ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kule iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ikiwa mtu aliyekwenda kustarehe analindwa hivyo, mama aliyepiga magoti kando ya kaburi la mwanawe anastahili zaidi. Lakini sheria hiyo hiyo ya Kenya inawaachia nafasi wanaotumia taarifa kwa mambo yao ya nyumbani, na pia waandishi wa habari. Humo ndimo wanamoingia wapiga picha wengi wa msibani: binamu mwenye simu, na kijana wa televisheni ya mtandaoni mwenye kipaza sauti.

Kanuni za Adhabu za nchi zote mbili nazo zinamtia hatiani anayeingia makaburini au kuvuruga mazishi kwa nia ya kuwaumiza watu, au akijua kwamba wataumia. Mthibitishie binamu jambo hilo mahakamani! Yeye anaamini anamuenzi marehemu. Na ni nani atakayempeleka binamu yake polisi siku ya msiba?

Kwa hiyo ruhusa tuitafute kwa watu, na mila zetu zimetutangulia katika hili. Angalieni Waislamu wanavyomzika mwanamke. Mwili unapoteremshwa, watu hushika shuka juu ya kaburi, kila pembe na mtu wake, ili hata walioko pale wasione zaidi ya wanachostahili kuona. Siku hizi simu inapenyezwa juu ya shuka hiyo. Aliyeinyoosha hajaingia kosani kwa kifungu chochote atakachosomewa pale pale, lakini kila aliyeshika shuka anajua kilichotendeka. Vivyo hivyo mjane aliyekaa eda, miezi minne na siku kumi, amejisitiri chumbani kwa amri ya dini yake, na shemeji anatuma picha yake kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu. Ukiingia makaburini kama Mwislamu unafundishwa kuwasalimu waliolala humo. Tunawapigia hodi wafu, halafu walio hai tunawavamia!

Kwa Wakristo mambo yana sura nyingine, na ni kosa kuyatazama kwa jicho moja. Familia nyingi humwajiri mpiga picha, humlipa, hupanga ukoo kuzunguka kaburi lililojaa mashada, na albamu hiyo hutunzwa miaka mingi. Picha ya pamoja baada ya kuweka mashada imekwishakuwa sehemu ya mazishi, na mara nyingi ndiyo picha pekee yenye ndugu wote. Hapo ruhusa ipo wazi: wenye msiba wamemwita mtu wao. Kasoro inaanza kwa kamera ya pili, ya tatu na ya sita, zisizojulikana zimetumwa na nani. (Nimewahi kumsikia mshereheshaji wa msiba akiwaomba wafiwa wasogee kidogo ili mwanga uingie vizuri. Wafiwa wakasogea.)

Nisieleweke vibaya kuhusu walio mbali. Dada anayefanya kazi za ndani Oman au Saudia, ambaye mwajiri hakumpa likizo, ana haki ya kumuona baba yake akizikwa, hata kwa kioo kilichopasuka. Familia imchague mtu mmoja, amrushie dada huyo mazishi moja kwa moja, na picha zibaki katika kundi la familia. Tofauti ya hiyo na kurusha mubashara kwa yeyote apitaye mtandaoni ni kubwa, na tusijifanye hatuioni.

Mtu maarufu ana hesabu yake. Mwigizaji Steven Kanumba alipozikwa Kinondoni mwezi Aprili 2012, jiji zima lilitaka kuona, na mazishi ya Rais Magufuli kule Chato, Machi 26, 2021, yalirushwa mubashara kwa taifa zima. Sidhani kuna mtu anayesema kamera zingekaa nje. Taifa lina haki ya kuyaona mazishi ya mtu wake. Haki hiyo haifiki kwenye kila chozi la mzazi aliyemzaa, na mpiga picha mzoefu hujua lini ashushe lenzi bila kuambiwa na mtu. Kanuni za maadili ya waandishi wa habari zinagusa wazi jambo la kuwaingilia watu walio katika majonzi. Wanaoendesha chaneli za mtandaoni wazisome.

Sasa upande wa pili, ambao kwangu una uzito uleule, kwa sababu marufuku ya jumla ingetuletea hasara nyingine. Makaburi yetu yanapotea. Misalaba ya chuma inang'olewa ikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, vigae vinabanduliwa, mipaka ya viwanja inasogea usiku. Anayetaka kuuthibitisha uvamizi anahitaji picha yenye tarehe. Nchi yetu ina hata sheria ya kuhamisha makaburi, ya mwaka 1969, inayotumika ardhi inapotakiwa kwa shughuli za umma. Familia isiyo na picha ya kaburi la babu inabaki kubishana kwa maneno matupu mbele ya mthamini.

Kuhamishwa huko si kitu cha mbali. Makaburi ya vita yaliyopo barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza yalipoondolewa Ocean Road kupisha ujenzi wa barabara. Askari hao wana tume ya kimataifa inayotunza orodha ya majina yao tangu 1917. Bibi yangu na bibi yako hawana tume. Orodha yao ni kumbukumbu ya wazee wanaopungua, na ikiwezekana, picha.

Nendeni Kunduchi muone makaburi ya nguzo, yale yaliyopambwa kwa bakuli za kauri zilizokuja na majahazi. Katika makaburi mengi ya pwani ya aina hiyo bakuli zimebanduliwa, yamebaki mashimo ya duara kwenye chokaa. Tunachokijua kuhusu nyingi kati yake tunakijua kwa kuwa mtu fulani alipita na kamera au kalamu kabla ya mwizi. Kule Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lililochongwa mwaka wa 802 Hijria, sawa na 1399. Maandishi kama hayo yakimomonyoka bila kupigwa picha, karne nzima inabaki bila ushahidi. Lakini hata mahali pa kale pana walio hai. Kaole, Bagamoyo, mtalii hulipa kiingilio, na humo humo kuna kaburi la Sharifa ambako watu bado huenda kuomba dua. Kiingilio kimempa mtalii haki ya kupiga picha ya mawe. Mwanamke aliyeinua mikono mbele ya kaburi hajauza tiketi yoyote.

Basi mstari ninaouchora ni huu. Jiwe, nguzo, mti, maandishi ya kaburi la zamani: piga, ukiwa umemsalimu msimamizi na hukukanyaga mtu. Kaburi jipya, lenye udongo mbichi na mashada, waulize wenyewe kwanza. Mtu anayeomboleza, muulize yeye, na akiwa hawezi kujibu, basi jibu ni hapana. Maiti, kamwe, isipokuwa familia yenyewe imeomba. Mtoto wa marehemu, kamwe hadharani. Anayetaka kurekodi filamu au video ya muziki katikati ya makaburi ajue kwamba kibali cha Bodi ya Filamu hakimpi ridhaa ya wenye makaburi. Amwone msimamizi, amwone mwenyekiti wa mtaa, na asirekodi siku ya maziko.

Halmashauri zetu, ambazo ndizo zenye makaburi ya umma mijini, ziandike mstari huo kwa Kiswahili chepesi kwenye ubao wa getini. Ubao tu, na rangi. Tafadhali isiwe chanzo kipya cha ushuru, wala mlinzi asigeuze ubao huo kuwa sababu ya kudai chai kwa mtoto aliyekuja kupiga picha kaburi la mama yake. Misikiti na makanisa yenye viwanja vyake vya kuzikia yafanye vivyo hivyo, kwa masharti ya dini yao, na wageni tuyaheshimu hata yakiwa makali kuliko ya halmashauri. Droni zisiruke juu ya maziko bila familia kuziita. Vyama vya wapiga picha navyo viwaambie wanachama wao kwamba anayekodiwa msibani awe na kitambulisho shingoni, ili asiye nacho aonekane.

Kazi kubwa zaidi ni yetu wengine. Video ya mazishi inasambaa kwa sababu sisi tunaisambaza. Mnakumbuka Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, The New York Times walipochapisha picha ya watu waliouawa? Wakenya hawakungoja mahakama. Walipaza sauti siku hiyo hiyo, mpaka Baraza la Habari la Kenya likalitaka gazeti hilo liiondoe picha. Walikuwa wakali kwa mgeni, na walistahili kuwa wakali. Ukali huo nasi tuuelekeze kwa kundi la ukoo, la mtaa na la waliosoma pamoja. Picha ya maiti ikitumwa, mwambie aliyetuma aifute, umwambie mbele ya kundi, kwa adabu, wala usiongeze alama ya mikono iliyofumbatana kana kwamba hukuona kitu.

Na vijana wenye simu nzuri na mkono usiotetemeka, msidhani nawafukuza makaburini. Jumamosi moja chukueni wazee wawili wa mtaa, muende nao kwenye makaburi ya zamani, mpige picha kila jiwe lenye jina, mwandike anachokumbuka mzee kuhusu aliyelala hapo, na nakala mwachie ofisi ya serikali ya mtaa. Kazi hiyo haina ubishi wa ruhusa, na hakuna atakayewafanyia.

Wewe unayesoma, msiba ukitokea jirani na ukaitwa kwenye kikao cha kamati, usiinuke kabla hujauliza na kujibiwa: nani anapiga picha, kwa idhini ya nani, na zikishapigwa zinakwenda wapi.