Nani aliona kwa macho yake?



Juma hili tunazungumza juu ya hadithi za upelelezi. Wengine watasema ni za kupitisha wakati tu. Sisi tunaona zina somo tunalolihitaji sana hapa Kasenyi, zaidi siku ya kilio.

Hadithi za namna hii zilienea sana kutoka Uingereza. Mwaka 1887 daktari mmoja, Arthur Conan Doyle, alitoa hadithi ya kwanza ya mpelelezi Sherlock Holmes. Humo kuna Inspekta Lestrade wa polisi, ambaye anarudi katika hadithi nyingi. Kwetu tungemwita OPJ. Lestrade si mtu mbaya, ila ana haraka. Mara nyingi anamshuku mtu asiye na kosa, na Holmes anamwonyesha kwamba aliyetenda ni mwingine.

Kiswahili nacho kina mpelelezi wake. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alituletea Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum na Inspekta Seif. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, kikachapishwa 1960. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, mahali panapoogopwa. Ni rahisi kusema mzimu umemuua, na mambo yakaishia hapo. Bwana Msa hakubali. Kwake kila kifo kina sababu, na sababu inatafutwa kwa kuuliza na kuangalia.

Sasa turudi kwetu kando ya ziwa. Tuseme mtoto amelala mzima, asubuhi anaharisha maji, jioni amekufa. Kabla ya mazishi jina la mtu limekwisha kutajwa: mama mzee anayeishi peke yake, mjane, au yatima anayelelewa katika nyumba ile. Wote tunajua yanayofuata. Anafukuzwa, anapigwa, pengine anauawa. Lakini kipindupindu kinaweza kumaliza mtu kwa saa chache tu, na hakihitaji mchawi.

Kwa hiyo, mama, jina likitajwa mbele yako, uliza kama mpelelezi:

Nani aliona kwa macho yake, na nani alisikia tu?

Mtoto alikunywa maji gani, na yalichotwa wapi?

Je, kuna jirani mwingine anayeharisha?

Anayeshitaki, ana ugomvi na huyo mtu juu ya shamba, deni au ndoa?

Mara nyingi ulizo la pili na la nne yanatosha kupoza maneno. Na kama wengine wanaharisha, wapelekwe kituo cha afya mara moja, maana hapo kuna watu wa kuokoa.

Tujue pia kwamba sheria iko upande wetu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inamwadhibu kwa kifungo anayefanya hivyo.

Watoto nao wajifunze mapema. Jioni, mkingoja chakula kiive, wasimulie hadithi ndogo: samaki wamepotea kwenye kikapu. Nani amewachukua? Mtoto akitaja jina, mwambie, “Tuonyeshe alama.” Akikosa alama, jina hilo linaondolewa, hata kama ni la ndugu anayemchukia. Wataupenda mchezo huu. Na siku watakapokuwa wakubwa, wakiwa wameketi kwenye kilio, hawatainuka na mawe kwa sababu mtu mmoja amepiga kelele.

Katika mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kilete hadithi moja ya namna hiyo. Tutazisikiliza pamoja, na tutatafuta alama.